Dawa asilia za wadudu: Kusini tunabishania asili, hatupimi kilichomo

Kila mikorosho inapoanza kuchipua, mjadala wa viuatilifu hurudi Mtwara na Lindi. Miaka hii umepata sura mpya. Serikali inagawa salfa na viuatilifu vya maji kupitia vyama vya msingi, na papo hapo, kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima haohao, unazunguka ujumbe unaowataka waachane na sumu za kizungu warudi kwenye mwarobaini, utupa (mmea unaotumiwa kuua wadudu na hata samaki) na majivu. Minadani nako chupa zilizoandikwa "dawa asilia ya wadudu" hazikosekani. Wapo wanaolipokea hili kama ukombozi, na wapo wanaoliona kuwa ni kurudi nyuma. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zinabishana dawa imetoka wapi, ilhali kinachomuua mdudu, na kinachoweza kumdhuru mtoto wako, ni kiambata fulani, yaani kemikali iliyomo ndani yake, kwa kiasi fulani, kinachofanya kazi fulani mwilini kwa muda fulani. Mmea ambao hayo hayajulikani bado haujawa dawa, hata kama una nguvu kweli. Yakishajulikana, ni dawa kamili, hata kama umeota uani kwako.

Tuanze na mwarobaini, maana ndio unaotajwa kuliko yote. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, akiwa Sudan, aliona nzige wamefagia kila kitu cha kijani isipokuwa miarobaini. Walitua juu yake, wakaondoka bila kula. Mwaka 1968 wanakemia walifanikiwa kukitenga kiambata kikuu kutoka kwenye mbegu zake, kikaitwa azadiraktini. Umbo lake ni gumu mno: timu ya Steven Ley, Cambridge, ilihangaika miaka 22 hadi ilipoweza kukiunda maabara mwaka 2007. Kwa mdudu kinafanya mambo mawili. Kwanza kinamkatisha hamu ya kula. Pili kinavuruga homoni zinazomwongoza kujivua gamba, hivyo kiwavi hukwama katikati ya ukuaji wake na kufa. Binadamu hana kazi ya kujivua gamba, na hiyo ni sababu kubwa ya kiambata hiki kuwa na madhara madogo kwetu kuliko kwa kiwavi. Sababu ni namna kinavyofanya kazi, na kama kingetoka kiwandani kingekuwa vilevile.

Sasa linganisha na maelekezo yanayozunguka. Mkulima mmoja wa Tandahimba alinionyesha kwenye simu yake: chuma majani mabichi ndoo nzima, twanga, chemsha saa nzima, ongeza vikombe viwili vya majivu na kipande cha sabuni ya mche, acha siku saba, pulizia asubuhi. Alifuata kila neno, viwavi kwenye mboga zake wakaendelea kutafuna, akahitimisha kuwa mwarobaini ni hadithi za wazee. Lakini tazama kilichotokea ndani ya ndoo ile. Azadiraktini nyingi iko kwenye kiini cha mbegu, kwenye majani ni kidogo sana. Moto unaiharibu. Maji ya majivu ni magadi, na azadiraktini hudumu kwenye maji yenye uchachu kidogo lakini huvunjika haraka kwenye magadi. Siku saba majini zinamaliza kilichobaki, na kama kuna kilichosalia, jua la mchana linakikuta juu ya jani. Mtu huyu hakupulizia mwarobaini. Alipulizia maji machungu yenye sabuni.

Njia iliyopimwa, inayotumika sana India, ni nyingine kabisa: kiini cha mbegu kilichokaushwa kivulini, kikatwangwa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, kikalowekwa usiku mmoja, kikachujwa kwa kitambaa, kikatiwa sabuni kidogo ili dawa ishike jani, kikapuliziwa jioni ya siku ileile. Mbegu zikikaushwa ovyo zikaota ukungu, zinaweza kubeba sumukuvu, kwa hiyo hata uanikaji ni sehemu ya dawa. Suala la moto si la mwarobaini peke yake. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria itokanayo na mpakanga wa Kichina, alifanikiwa pale alipoacha kuchemsha na kutumia etha, ambayo hukamua dawa kwa joto dogo. Mmea ulikuwa uleule waliokuwa nao kwa karne nyingi. Kilichobadilika ni namna ya kuutoa ule uzuri wake.

Kuna jambo jingine linalotupotosha, nalo ni namna tunavyohukumu. Tumezoea kupulizia jioni na asubuhi kukuta wadudu wamelala chini ya mti. Mwarobaini ulioandaliwa sawasawa haukupi picha hiyo. Asubuhi unamkuta kiwavi yuko hai, ila ameacha kula, na anakufa siku kadhaa baadaye anapotakiwa kubadili gamba. Asiyelijua hilo ataitupa dawa inayofanya kazi. Na chupa ya "asilia" inayoangusha wadudu wote papo hapo inapaswa kutuzalishia swali la nini kingine kimo ndani yake. Tena wadudu hawafanani. Kiwavi anayetafuna jani lililopuliziwa anameza dawa pamoja na jani. Mbu wa mikorosho anachoma chipukizi na kufyonza utomvu, kwa hiyo halishwi dawa kwa njia hiyo, na matokeo ya kwenye mchicha huwezi kuyahamishia juu ya mkorosho bila kujaribu. Ama ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, huo ni kuvu. Kuupiga kwa dawa ya wadudu, ya asili au ya dukani, ni kupoteza msimu.

Hoja dhaifu kuliko zote upande wa watetezi wa asili ndiyo inayosikika sana: kwamba kitu cha asili hakina madhara. Chukua utupa. Viambata vyake, rotenoni na degwelini, huzuia seli zisizalishe nguvu, na hufanya hivyo kwa mdudu, kwa samaki na kwa mtu. Ndiyo maana uvuvi wa kutumia utupa umepigwa marufuku: unaua kila kinachopumua ndani ya maji, wakubwa na vifaranga. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kuwa panya waliopewa rotenoni kwa muda mrefu walipata dalili za ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, na mwaka 2011 utafiti miongoni mwa wakulima wa Marekani ukaukuta ugonjwa huo zaidi kwa waliowahi kuitumia. Mbegu za mtopetope na mstafeli, ambazo zinatajwa kwenye jumbe hizohizo kama dawa ya chawa na ya wadudu wa ghalani, zina asetojenini, zinazofunga mlango uleule wa nguvu ya seli. Kule Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, madaktari wamehusisha ulaji wa mstafeli na aina ya ugonjwa unaofanana na Parkinson. Maji ya tumbaku yana nikotini, inayopenya hata kwenye ngozi ya mikono. Na mafuta ya mwarobaini, pamoja na upole wote niliousifu wa azadiraktini, yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa kama dawa. Mama anayesoma kwenye chupa kwamba dawa haina madhara ataiweka jikoni karibu na mafuta ya kula. Hapa ndipo maneno matamu ya muuzaji yanapogeuka kuwa hatari ya kweli, na silioni kama jambo la kufumbia macho.

Hata nguvu yenyewe haina uhakika kwa kuangalia jani. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Malawi, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2012 waligundua kuwa utupa unaolimwa na wakulima uko wa aina mbili za kikemia. Moja ina rotenoidi, yaani ukoo wa rotenoni, na inaua fukusi wa kunde. Nyingine haina, na haifanyi kitu. Kwa macho ni mmea mmoja, jina moja, ua moja. Wakulima wawili majirani wanaweza kutwanga majani kwa njia ileile, mmoja akaokoa kunde zake na mwingine akakuta unga mtupu kwenye gunia, halafu wakabishana nani mwongo wakati wote wanasema kweli. Sijui hoja nyingine inayoonyesha wazi kuliko hii kwa nini kupima si anasa ya wasomi.

Pamoja na hayo, watetezi wa asili wana hoja nzuri, ila hawaitumii. Dawa nyingi za dukani zina kiambata kimoja au viwili, na mdudu anayeshambuliwa kwa silaha moja kizazi baada ya kizazi hujenga usugu. Mwaka 1995 watafiti wawili, Feng na Isman, walichapisha jaribio la vidukari waliopuliziwa kwa vizazi 40. Kundi lililopewa azadiraktini tupu liliishia kuwa sugu mara tisa zaidi. Kundi lililopewa maji ya mbegu za mwarobaini, yenye azadiraktini pamoja na ndugu zake wengi, halikujenga usugu. Maana yake ni kwamba mchanganyiko wa mkulima, ukiandaliwa vizuri, una kitu ambacho kiambata safi cha maabara hakina. Hoja ya pili ni ya maji moto, wale sisimizi wekundu wanaojenga viota vya majani juu ya mikorosho na minazi. Utafiti wa miaka mingi, pamoja na uliofanyika Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mtwara, umeonyesha kuwa mti wenye maji moto wa kutosha haushambuliwi sana na mbu wa mikorosho. Dawa inayoua kila kinachoguswa humwondoa na mlinzi huyu, na msimu unaofuata mkulima analazimika kununua dawa zaidi. Dawa inayohitaji kuliwa kwanza ndipo ifanye kazi humwacha salama zaidi yule asiyekula majani. Hoja hizi zinastahili kusemwa kwa sauti kubwa kuliko habari za "sumu za kizungu".

Upande wa pili, wataalamu wetu wengi wa kilimo husikia neno mwarobaini wakafunga daftari. Kwao cha kienyeji ni kubahatisha na cha dukani ni sayansi. Wanasahau historia ya unga wanaoupendekeza wao wenyewe. Unga wa kuhifadhia mahindi dhidi ya dumuzi unaouzwa maduka yote ya pembejeo kutoka Kilwa hadi Newala kwa kawaida una viambata viwili, kwa sababu kimoja kinamweza fukusi na kingine, aghalabu permetrini, kinamweza dumuzi. Permetrini iliundwa Uingereza mwaka 1973 na timu ya Michael Elliott kwa kuiga piretrini, sumu ya ua la pareto linalolimwa Iringa na Mbeya. Elliott hakulidharau ua lile. Aliona piretrini inaharibiwa na jua kwa saa chache, akatafuta umbo linalofanana nalo lakini linalostahimili jua. Vyandarua tulivyolalia miaka yote hii vimetiwa dawa za ukoo huohuo. Na salfa, ambayo huku kusini tunaihesabu kuwa kemikali ya kiwandani kuliko zote, ni madini ya asili ambayo hata kilimo hai kinayaruhusu. Mpaka tunaouchora kati ya asili na kiwanda haupo mahali tunapodhani.

Mfano unaonigusa zaidi uko kwenye ufuta, zao linalowapa fedha watu wa Lindi na Mtwara kila msimu. Mwaka 1940 iligundulika Marekani kwamba mafuta ya ufuta yakichanganywa na pareto, dawa inaua wadudu wengi zaidi kwa kiasi kilekile cha pareto. Mafuta yenyewe peke yake hayaui inzi. Kilichokuwa kinatenda kazi ni sesamini, kiambata cha ufuta. Mdudu ana vimeng'enya vinavyoivunja sumu kabla haijamfikia. Sesamini inavifunga vimeng'enya hivyo, na sumu inapita. Miaka michache baadaye wanakemia walitengeneza piperonili butoksidi, ambayo ina kipande kilekile cha umbo kilichomo kwenye sesamini, na ikawa inatiwa kwenye dawa za kupulizia za nyumbani. Kisha mbu wa malaria Afrika wakajenga usugu, mara nyingi kwa kuongeza vimeng'enya vilevile. Majaribio yaliyofanyika Muleba, Kagera, yalionyesha kuwa vyandarua vyenye piperonili butoksidi vinakinga malaria kuliko vya kawaida mahali penye mbu sugu, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza kwa maeneo hayo. Hebu fikiria. Siri ambayo leo inaokoa watoto ilifumbuliwa kwenye mafuta tunayoyapima kwa kilo mnadani na kuyapandisha meli yakiwa bado mbegu. Naliendele wametupatia mbegu bora za ufuta kama Ziada 94 na Mtwara 09, na tunazisifu kwa mavuno na mafuta. Ningependa siku moja mkulima wa Ruangwa aambiwe pia shamba lake lina sesamini kiasi gani, kwa sababu kuna mnunuzi ambaye angelipa kwa hilo.

Inakuja hoja ya sheria, na hapa malalamiko ya wauzaji wa dawa asilia yana ukweli ndani yake. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kiuatilifu kinachouzwa kinatakiwa kisajiliwe. Kikundi cha akina mama cha Masasi kinachokamua mbegu za mwarobaini hakiwezi kubeba gharama za majaribio kama kampuni kubwa ya nje. Wengine wanahitimisha kuwa usajili ni njama ya kuwanyang'anya. Historia inasema kinyume. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya dawa ya kuvu iliyotokana na mafuta ya mwarobaini. Wapinzani walikwenda kuipinga, na kilichowasaidia kilikuwa ushahidi kwamba matumizi hayo yalishafanyika India kabla. Mwaka 2000 hataza ikafutwa, na mwaka 2005 rufaa ikatupwa. Ujuzi wa babu zetu usioandikwa popote hauna wakili. Ukipimwa, ukaandikwa na kusajiliwa kwa jina la wenyewe, ndipo unakuwa mali. Kinachohitajika ni serikali kubeba gharama za upimaji kwa mimea ambayo haina kampuni nyuma yake, kama inavyobeba gharama za pembejeo za korosho. Kuwaachia wauze bila kupimwa hakuwasaidii akina mama wa Masasi. Kunamsaidia mwenye chupa ya uongo anayeuza pembeni yao kwa bei ya chini.

Na kama tunatafuta mmea wa kusini wenye hazina isiyoguswa, macho yangu hayaendi kwenye mwarobaini kwanza. Yanakwenda kwenye ganda la korosho. Zaidi ya nusu ya uzito wa korosho ghafi ni ganda, na ndani yake mna mafuta makali ambayo kila aliyewahi kubangua kwa mkono anayajua: yanababua vidole, yanachubua ngozi, ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kukaa kazini. Ukali huo ni viambata, yaani asidi anakadi, kardoli na kardanoli. Majaribio ya maabara, mengi yakiwa ya Brazili, yameonyesha kuwa vinaua viluwiluwi wa mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi. Hapa tena njia ya kuandaa ndiyo kila kitu. Mafuta yaliyokamuliwa bila moto yana asidi anakadi kwa wingi. Ganda likichomwa, asidi hiyo inapoteza sehemu yake na kugeuka kardanoli, ambayo ina tabia nyingine. Kwa hiyo anayeniambia amejaribu mafuta ya ganda akaona yanafaa, au hayafai, kwanza nitamuuliza aliyakamua vipi. Serikali imetangaza nia ya kubangua korosho yote nchini ifikapo 2030. Ikitimia, maganda yaliyokuwa yakisafirishwa pamoja na korosho ghafi yatabaki hapa kwa milima. Tunaweza kuyachoma kama kuni, au tunaweza kuanza sasa kujua nini kimo ndani yake, kinaua nini, kinaharibu nini kikimwagika mtoni, na kinahitaji kinga gani kwa mfanyakazi.

Kazi hiyo ina mahali pake. Naliendele ni kituo kinachoijua mikorosho na ufuta kuliko kingine chochote nchini, na wakulima wanakiamini. Kikiongezewa maabara ya kupima viambata vya mimea, mwenye kikundi cha Nachingwea angeweza kupeleka chupa yake na kurudi na karatasi inayosema kiasi gani cha azadiraktini kimo na kinadumu muda gani. Afisa ugani angekuwa na jibu zaidi ya "tumia ya dukani". Utupa wa Newala ungepimwa kujua ni wa aina ipi kabla hatujausambaza au kuukataza. Na kwa chupa zinazouzwa sasa hivi, mamlaka na halmashauri zianze na sharti dogo: lebo itaje mmea gani, sehemu gani ya mmea, imetengenezwa lini, ni kwa mdudu gani, na iwekwe mbali na watoto. Asiyeweza kuandika hayo matano hajui anachouza.

Mkulima mwenye kunde au choroko ndani hana haja ya kusubiri yote haya. Azikaushe vizuri, azitie kwenye mfuko usiopitisha hewa, ule wa tabaka tatu unaoitwa kinga njaa, aufunge kwa nguvu asiufungue kwa wiki kadhaa. Fukusi watakosa hewa na kufa bila sumu yoyote, ya asili wala ya dukani. Mwenye bustani ya mboga na miarobaini njiani aanze kuokota mbegu zilizoanguka, azimenye, azianike kivulini, na asahau majani. Mwenye mikorosho yenye maji moto avitazame viota vyake kabla ya kuita mtu wa bomba, apulizie ile miti iliyoshambuliwa tu. Na ubwiriunga ukionekana kwenye maua, aende chama cha msingi akachukue salfa yake mapema, kwa sababu katika mimea yote niliyoitaja hapa sijui hata mmoja uliothibitika kuifanya kazi hiyo kwenye mikorosho.